Uwanda Una Wenyewe: Jibu kwa Mwalimu wa Kusini Unguja Kuhusu Mradi wa Sola

Swali: Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Kusini Unguja. Mwaka huu walikuja wataalamu na vyombo vyao wakaupima uwanda ulio nyuma ya kijiji chetu, na sheha akatutangazia kwamba patajengwa uwanja mkubwa wa sola. Mkutanoni watu wote walinyanyua mikono kukubali. Tangu siku ile, barazani na dukani simsikii hata mmoja anayeusifu mradi huo, na vigingi vya mipaka vimeng'olewa usiku. Ofisa mmoja ametuambia kwamba watu wa visiwani wana asili ya kukataa mambo mapya. Ni kweli? Visiwa vingine viliipokeaje nishati ya jua na upepo, na sisi tufanye nini kabla mambo hayajaharibika?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, mwalimu. Nimelisoma swali lako mara kadhaa, na kilichonishughulisha zaidi ya vigingi vilivyong'olewa ni ile mikono iliyonyanyuliwa. Vigingi vinajieleza vyenyewe. Mikono ndiyo inayohitaji kufasiriwa, kwa kuwa watu wale wale wamesema ndiyo mbele ya wageni na hapana walipobaki wenyewe, na katika kauli zote mbili walikuwa wakisema kweli. Ndiyo yao ilikuwa ya umeme wa jua kwa jumla, na hapana yao ni ya uwanda ule, kwa masharti ambayo hawakuelezwa.

Ofisa aliyewaambia maneno hayo amekosea, na kosa lake lina madhara, kwa sababu mtu akishaamini kwamba upinzani ni tabia ya kuzaliwa nayo haoni tena haja ya kuuliza watu wanapinga nini. Nimefanya kazi ya umeme wa vijijini kwa zaidi ya miaka 20, bara na visiwani, na nimekaa katika mikutano mingi ya aina ya huo wenu. Sijakuta kisiwa ambacho watu wake walilichukia jua au upepo. Nimekuta visiwa ambavyo watu walipiga hesabu zao kwa utulivu, wakauliza mradi utachukua nini kilicho chao, ufunguo utakaa mkononi mwa nani, na mitambo ikiharibika nani atakuwepo, kisha wakaamua kwa mujibu wa majibu waliyopata, au kwa mujibu wa ukimya waliojibiwa nao.

Tena watu wa Unguja wana sababu kubwa kuliko wengi ya kutaka umeme wao wenyewe. Tangu mwaka 1980 kisiwa hiki kinapata umeme wake, karibu wote, kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari baina ya Ras Kiromoni na Ras Fumba. Mwezi wa Mei 2008 njia hiyo ilipata hitilafu na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 giza likarudi na mara hii likadumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wewe pengine ulikuwa bado unasoma. Sisi wa umri wangu tunakumbuka foleni za ndoo kwa sababu pampu za maji zilisimama, samaki waliouzwa kwa bei ya kutupa kwa kukosa barafu, na ngurumo za majenereta madukani kwa wale waliomudu kununua mafuta. Pemba haikuguswa na giza la 2008 kwa kuwa ilikuwa bado na majenereta yake ya dizeli. Iliunganishwa na Tanga kwa waya wake mwaka 2010. Waya mpya wa Unguja, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013 kwa fedha za Marekani, na tangu hapo mahitaji ya kisiwa yamekuwa yakikua hadi kuuelemea uwezo huo.

Kwa hiyo mtu anapowaambia watu wa kijiji chenu kwamba jua litatupunguzia kutegemea waya mmoja, wanamwelewa vizuri sana, na mikono hunyanyuka kwa haki. Hapa, hata hivyo, pana jambo la kiufundi ambalo naomba lielezwe mkutanoni bila kufichwa. Uwanja wa sola uliounganishwa na gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, usipokuwa na betri pamoja na vifaa vyenye uwezo wa kuiendesha gridi peke yake, hujizima mara gridi inapozimika, hata kama ni saa sita mchana na jua limetanda; umetengenezwa hivyo kwa usalama wa mafundi walio kwenye nguzo. Isitoshe, matumizi yetu makubwa ya majumbani hupanda baada ya magharibi, wakati jua limekwisha kuzama. Mtu anayeahidi kwamba umeme hautakatika tena, ilhali mradi wake hauna betri, anauharibu mradi huo kwa mkono wake. Siku ya kwanza ya giza watu watazitazama paneli zikiwa zimetulia juani, na kila neno jingine alilolisema, hata lililokuwa la kweli, litahesabiwa kuwa la uongo.

Sasa tuje kwenye uwanda wenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Katika ramani za wapangaji, ardhi ya mawe ya matumbawe ya upande wa mashariki na kusini wa Unguja, ndiyo tuiitayo uwanda, huonekana tupu: haina mikarafuu, haina mabonde ya mpunga, haipitiki kwa trekta. Ndiyo maana kila mradi mkubwa unaotafuta nafasi huangukia huko. Uwanja wa sola huhitaji kwa kawaida kati ya hekta 1 na 2 kwa kila megawati, kwa hiyo uwanja wa megawati 20 unaweza kuchukua hadi hekta 40, tena zenye uzio na mlinzi. Wewe unaujua uwanda kwa miguu. Humo ndimo zinamotoka kuni za jikoni, mawe na kuni za tanuri la chokaa, malisho ya mbuzi, mizizi ya dawa, na vikonde vya mtama, mbaazi na muhogo vinavyolimwa katika mifuko ya udongo baina ya mawe, kisha vikaachwa vipumzike kwa miaka. Konde lililopumzishwa mgeni huliona pori, na mwenyewe hulijua kama unavyoijua kabati yako.

Kisheria, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwananchi huwa na haki ya kuitumia. Lakini miti ina wenyewe. Mtu anaweza kuwa hana karatasi yoyote ya kiwanja, na bado kijiji kizima kikajua kwamba mnazi ule na mwembe ule ni wake, aliurithi kwa nani, na ndugu gani ana fungu humo. Fidia inapohesabiwa kwa miti na mazao peke yake, hulipwa aliyepanda. Mwanamke anayekwenda kuni mara tatu kwa wiki katika uwanda huo huo hapati kitu, kwa sababu kichaka anachokikata hakikupandwa na mtu, na yeye ndiye atakayezunguka mbali zaidi uzio utakapojengwa. Umeme utakaozalishwa nyuma ya nyumba yake utaingia kwenye gridi ya kisiwa kizima, bei ya tukuza yake, yaani umeme wa kulipia kabla, itabaki ile ile ya mtu wa mjini, na jikoni mwake yataendelea kuwaka mafiga. Nakuomba ujiulize, mwalimu, ni wanawake wangapi waliopewa nafasi ya kuzungumza siku ya mkutano. Wala siulizi ni wangapi walionyanyua mikono.

Nimeona mara nyingi watafiti wakija na karatasi ya maswali ambayo swali lake la kwanza ni kama mtu anaunga mkono nishati jadidifu. Karibu kila mtu hujibu ndiyo, kwa kuwa swali lenyewe halimgharimu kitu na mgeni hastahili kuvunjwa moyo. Kisha matokeo huandikwa kwamba wananchi wameukubali mradi. Ukitaka kuujua msimamo wa kweli, muulize mtu mara ya mwisho alipita uwanda ule lini na alikwenda kufanya nini. Atakueleza kwa nusu saa, na katika nusu saa hiyo utasikia ridhaa yake inaishia wapi.

Jirani zetu wa Lamu wamelipitia jambo hili kwa uchungu kuliko sisi. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kaunti ambayo mji wake wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Wakazi waliojikusanya chini ya jumuiya ya Save Lamu walikwenda katika mahakama maalumu ya mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni hiyo ikafutwa. Wengi huisimulia kesi ile kama ushindi wa nishati safi dhidi ya nishati chafu, na ni kweli kwamba wavuvi walihofia samaki wao na wazee walihofia moshi. Lakini moja ya nguzo kubwa za uamuzi ni jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja: wananchi waliitwa katika mikutano ya utangulizi kabla ya utafiti wa athari kufanyika, na utafiti ulipokamilika hawakurudiwa ipasavyo ili wayaone matokeo na kuyatolea maoni yao. Mkutano wa mwanzo, hata ukijaa watu, haukutosha.

Katika kaunti hiyo hiyo, mradi wa upepo wa megawati 90 uliopangwa kujengwa Baharini nao ulikwama kwa miaka mingi katika mizozo ya ardhi. Upepo hauna moshi wala majivu, na bado watu waliuliza yale yale: ardhi ni ya nani, nani aliyeigawa, nani atalipwa. Tena wavuvi wa Lamu walikuwa wamekwisha kuishuhudia bandari mpya ikichimbwa katika maeneo yao ya kuvua, mpaka Mahakama Kuu ikaamuru mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mradi wowote unaotia nanga pale, uwe wa jua au wa makaa, unawakuta watu wenye kumbukumbu hiyo, na si haki kuwadai waisahau kwa sababu tu mwekezaji wa safari hii ana mitambo mizuri zaidi.

Mfano unaonifundisha kuliko yote uko mbali, katika kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Uskoti. Sehemu kubwa ya kisiwa hicho ni ardhi ya majimaji yenye udongo wa mboji, ambao wenyeji kwa karne nyingi wameukata vipande, wakauanika na kuuwasha majumbani, na humo pia hulisha kondoo wao. Utaona jinsi ulivyo ndugu wa uwanda wetu: kwa mpangaji ni tupu, kwa mwenyeji ni ghala. Kampuni kubwa zilileta mpango wa kujenga humo mitambo ya upepo 234, baadaye ikapunguzwa hadi 181. Barua za kupinga zilizidi 10,000, na mwezi wa Aprili 2008 Serikali ya Uskoti ikaukataa mpango huo kwa sababu ya athari zake katika ardhi yenye hifadhi na ndege wake. Ofisa wako angekuwepo siku ile, angesema watu wa Lewis wana asili ya kukataa.

Miaka saba baadaye, mwaka 2015, katika kisiwa kile kile, ilisimikwa mitambo mitatu ya upepo mahali paitwapo Beinn Ghrideag, yenye jumla ya megawati 9, na hiyo ni mali ya jumuiya ya wakazi iitwayo Point and Sandwick Trust. Faida yake inarudi katika kazi za jamii ya hapo, pamoja na kuisaidia nyumba inayowatunza wagonjwa mahututi. Upepo ni ule ule, ardhi ni ya aina ile ile, na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni ukubwa wa mradi, mwenye mali, na mahali pesa zinapokwenda mwisho wa mwaka. Sidai kwamba kila mtu wa Lewis aliifurahia mitambo hiyo mitatu, kwa kuwa hakuna kijiji kilichowahi kukubaliana kwa kauli moja hata kuhusu mahali pa kuchimba kisima. Ninachosema ni kwamba mtu akisimamia hoja ya asili ya watu, Lewis inamwacha bila jibu.

Samsø ya Denmark inatajwa mara nyingi zaidi, na inastahili kutajwa, ingawa hutajwa kwa namna inayopotosha, kana kwamba wakazi wake walizaliwa wakiyapenda mazingira. Ni kisiwa cha wakulima chenye wakazi kiasi cha 4,000, wengi wao watu wa tahadhari. Mwaka 1997 kilishinda shindano la wizara ya nishati la kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nishati jadidifu katika muda wa miaka kumi, na hakikushinda na fedha za kujengea. Søren Hermansen, mwenyeji wa hapo, alitumia miaka akikaa na watu jikoni mwao na katika kumbi za vijiji, na mafundi bomba wa kisiwani waliingizwa katika kazi tangu mapema ili wajue kwamba mfumo mpya utawapa kazi badala ya kuwanyang'anya. Mitambo 11 ya nchi kavu ilisimikwa mwaka 2000, na 10 ya baharini ikafuata mwaka 2003. Ya nchi kavu, 9 ni ya wakulima mmoja mmoja na 2 ni ya ushirika; ya baharini, 5 ilinunuliwa na halmashauri ya kisiwa yenyewe. Mtu anayeisikia sauti ya mapanga ya mtambo usiku na anajua kwamba ana hisa ndani yake, haisikii sauti hiyo kama anavyoisikia jirani asiye na kitu. Denmark baadaye iliifanya hali hiyo kuwa sheria: kuanzia 2009, mjenzi wa mitambo ya upepo alitakiwa kuwauzia wakazi wa karibu angalau asilimia 20 ya hisa.

Nitakupa kimoja zaidi kwa sababu kinahusu nidhamu. Kisiwa cha Eigg, pia cha Uskoti, kina wakazi kiasi cha mia moja tu, ambao walikinunua kisiwa chao mwaka 1997 kutoka kwa mtu aliyekimiliki. Februari 2008 waliwasha gridi yao ya maji, upepo na jua, na wakajiwekea sharti kwamba nyumba moja haitatumia zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja. Ukiwasha birika, mashine ya kufulia na jiko pamoja, unajizimia umeme. Fikiria sharti hilo lingeletwa na kampuni kutoka nje. Lingeitwa unyanyasaji, na lingekuwa hivyo kweli. Kwa kuwa walilitunga wenyewe baada ya kukaa miaka mingi na majenereta binafsi, wanalishika.

Unaweza kuniambia kwamba hiyo ni Ulaya, na kwamba mtu wa kijiji chenu hana pesa ya hisa. Ni kweli, na ndiyo maana nakuleta Ukara, katika wilaya ya Ukerewe, Ziwa Victoria. Huko gridi ndogo ya sola ilijengwa na kampuni binafsi katikati ya muongo uliopita, kabla gridi ya taifa haijafika. Watu waliipokea kwa furaha. Wenye mashine za kusaga, wenye saluni na wenye majokofu ya samaki waliunganishwa. Manung'uniko yaliyofuata hayakuhusu jua hata kidogo. Yalihusu bei ya uniti, iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile anayolipa mtu wa gridi upande wa pili wa maji, na mnunuzi wa visiwani, ambaye tayari hulipa zaidi kwa saruji, kwa sukari na kwa mafuta kwa sababu ya nauli ya chombo, aliona anabaguliwa kwa mara nyingine. Serikali iliagiza mwaka 2020 bei za gridi ndogo zishushwe hadi shilingi 100 kwa uniti kama za gridi. Agizo hilo liliwapumzisha wateja, na papo hapo likawapa wenye mitambo tatizo la kurudisha gharama zao na kuendelea kujenga. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na hoja hizo zilitakiwa zikutane mezani kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo huenda inafanya kazi kimyakimya kijijini kwenu. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika kisiwa kidogo kuzungumza na wazee juu ya mpango wa umemejua. Mzee mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani, akarudi amebeba betri iliyovimba ubavuni, terminali zake zimeota ukungu wa kijani kwa hewa ya chumvi. Akaiweka miguuni pangu. "Hii nayo walikuja nayo watu kama nyinyi, wakapiga picha na watoto," akasema. "Mwaka wa pili ikafa. Nikapiga simu, haikupokelewa. Sasa inanisaidia kuzuia mlango siku za kusi." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa mradi ule nilishiriki kuupanga mwenyewe nikiwa kijana, na katika bajeti yake hatukuweka hata senti moja ya fundi. Tangu siku hiyo, swali la kwanza ninalouliza katika mpango wowote ni nani atakayebadilisha betri mwaka wa tano, anaishi wapi, na mshahara wake unatoka fungu gani.

Kwa upande wa furaha, utaona tofauti kubwa pale mwenye utaalamu anapokuwa mwenyeji. Kinyasini, hapa hapa Unguja, chuo cha Barefoot College kimewafundisha akina mama wa vijijini, baadhi yao bibi wenye wajukuu na elimu ndogo ya skuli, kufunga na kutengeneza mifumo ya sola ya majumbani, kisha wakarudi vijijini kwao kuihudumia. Mfumo unapokufa, mwenye nyumba anamjua wa kumwita, na anajua atakutana naye kisimani kesho asubuhi. Uaminifu wa namna hiyo hakuna tangazo la redio linaloweza kuununua.

Najua watu wa mjini hudhani pia kwamba dini inahusika. Mimi sijalisikia pingamizi hilo kwa sikio langu. Misikiti mara nyingi imekuwa miongoni mwa majengo ya kwanza kuwekewa paneli. Badala yake nimeona dini ikitupa mfano wa umiliki ambao wataalamu wetu hawautumii. Kila mtu hapa anaelewa maana ya minazi ya wakfu: mali isiyouzwa, yenye msimamizi anayejulikana, na mapato yake yana kazi maalumu. Ikiwa mradi utawapa kijiji fungu la mapato kwa mwaka, kuliandika fungu hilo kwa mfano wa wakfu wa maji au wa skuli kutaeleweka kwa mzee wa miaka 80 kwa urahisi kuliko mkataba wa kurasa 60.

Umeniuliza mfanye nini. Kwanza, msiruhusu suala la vigingi ligeuke kuwa la polisi. Aliyeving'oa ametoa maoni kwa njia pekee aliyoiona, na akikamatwa, kila asiyekubaliana na mradi atanyamaza, na mtakuwa na ukimya mtakaoudhania ni amani. Muombe sheha aitishe kikao kingine baada ya taarifa ya athari za mazingira kukamilika, na si kabla. Muombe pia muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na ubandikwe skulini, dukani na kwenye ukuta wa diko, wiki mbili kabla ya kikao. Akina mama wakutane peke yao kwanza, saa wanayoichagua wao, maana kikao cha saa nne asubuhi huwakosa walio pwani kwenye mwani maji yakiwa yamekupwa.

Katika kikao hicho ulizeni mambo kwa majina yake. Je, uwanja una betri, na giza likiingia utafanya nini? Ardhi inakodishwa kwa miaka mingapi, na kodi inalipwa kwa nani? Miti itahesabiwa siku gani, na mwenyewe atakuwepo? Njia za kuni na za mbuzi zitapita wapi? Vijana wangapi wa shehia watafundishwa matengenezo, na si ulinzi tu? Na mkataba ukiisha au mwekezaji akiondoka, nani ataziondoa paneli na betri zilizokufa? Ikiwa wenye mradi hawana jibu la swali fulani, hiyo si sababu ya kuwafukuza. Waambieni warudi nalo kwa maandishi. Mwekezaji makini hatakasirika. Wengi wao wangependa kuyasikia maswali hayo mapema, kabla hawajakopa fedha za kujengea.

Ninaunga mkono mradi kama huu, mwalimu, na sitaki ulisome jibu langu ukidhani vinginevyo. Kisiwa chenye watu wanaoongezeka na waya unaoelemewa hakina anasa ya kuliacha jua lipite bure. Ndiyo sababu ningeumia kuona mradi mzuri ukichukiwa kwa jambo linaloweza kutatuliwa kwa kusogeza uzio mita mia mbili. Kabla ya kikao, chagua asubuhi moja ufuatane na wanaokwenda kuni. Chukua karatasi, chora kila njia wanayopita, kila konde lililopumzishwa na jina la mwenyewe, kila kisima cha pango na kila kaburi la zamani. Mpe sheha nakala moja, wapimaji nakala nyingine, na nakala ya tatu nitumie mimi, niilinganishe na ramani ya mradi mstari kwa mstari.